Mtego Mahali pa Mashine

Jumamosi saa moja na nusu asubuhi Herieth alifungua duka lake la vifaa vya ofisi, Temeke, akapita moja kwa moja hadi chumba cha nyuma, ambacho mlango wake uko uani. Kufuli la chumba hicho alilifungua mwenyewe, zima, halina hata mkwaruzo. Ndani akakuta meza tupu. Mashine haipo, na kile kifaa chake cha intaneti nacho hakipo. Mahali pake palikuwa na mtego wa panya.

Kwa mtu asiyejua, kilichoibwa ni kidude tu, kompyuta ndogo isiyozidi ukubwa wa Biblia. Lakini kijiwe chote kiliishi humo. Wazee wa kahawa wa Temeke walichoshwa na mitandao mikubwa, ambayo mwenye nayo yuko ng'ambo na akiamka vibaya anakufungia akaunti, basi wakajitengenezea wa kwao. Temeke wana mashine yao, Tegeta yao, Songea yao, na mashine hizo hupelekeana maneno kama majirani wanavyoombana chumvi. Bosi hakuna. Ukiandika Temeke kwamba fulani ndiye aliyeanza vita, mtu wa Songea anakupinga kabla kahawa yako haijapoa, na marais wa nchi za mbali wanasemwa humo kama watoto watundu wa mtaani.

Aliyeziunga zote ni Benson, fundi wa kompyuta. Na huyo Benson, ilipofika saa mbili, alikuwa amekalishwa kwenye stuli dukani, simu yake imechukuliwa, anaitwa mwizi.

Dada yake Sekela alipata habari akiwa kwake Tegeta, anapiga pasi sketi. Herieth ndiye aliyempigia. Mzee Alfonsi, mwenyekiti wa kijiwe, kaapa kwamba mashine isipoonekana mpaka alasiri anakwenda kuandikisha kesi. Sekela ni askari mpelelezi, anajua jina likishaandikwa huwa halifutiki kirahisi, na Jumatatu Benson alikuwa aanze kazi kwenye kampuni moja mjini, kazi ya kwanza ya maana maishani mwake, ambayo bado ilikuwa inasubiri hati ya polisi ya tabia njema. Mama yao alipofariki, Sekela ndiye aliyemlea. Akakazana na pasi amalize atoke, na saa mbili na robo umeme ukakatika. Sketi ilikuwa imenyooka upande mmoja, upande wa pili imekunjamana. Akaivaa hivyo hivyo.

Saa nne kasoro alikuwa Temeke. Wanakijiwe walikuwa wamejaa dukani, na aliyeona ile sketi hakujizuia kutabasamu.

"Shikamoo mzee," Sekela alimwambia Alfonsi.

"Marahaba. Umekuja kama afande au kama dada?"

"Kama dada. Kesi ya ndugu yangu sitakiwi kuishika. Lakini kuuliza hakuna aliyenikataza."

Alfonsi, mstaafu wa bandarini, mtu wa Songea mwenye mabega mapana na hasira za karibu, akaeleza. Miezi miwili sasa hasemeshani na Ansbert, mwalimu mstaafu anayeongoza kijiwe cha Tegeta. Walikuwa marafiki wa chanda na pete. Kisha ikaja hiyo vita ya huko mbali, mmoja akashika upande huu na mwingine ule, wakaanza kwa takwimu wakamalizia kwa matusi. Alfonsi akaamua Temeke ifunge mlango, maneno ya Tegeta yasiingie tena na ya kwao yasiende. Jana Ijumaa alimwamuru Benson abonyeze. Benson akagoma, akasema mlango huo akiufunga yeye, wao hawatakuja kuufungua. Basi ikapangwa kura, leo alasiri.

"Usiku mashine ikaondoka," Alfonsi alimalizia. "Nani aliyekuwa hataki kura? Nani ana ufunguo? Hata wewe ungemshika."

Funguo zilikuwa tatu. Benson alitoa wake mfukoni. Herieth akaonyesha wake. Alfonsi akajipapasa, kisha akasema wake uko kwenye koti, na koti kamwazima mtu kwa ajili ya mvua ya jana, na ufunguo wa mwenyekiti hauna neno. Sekela akaliacha likapita, jambo ambalo baadaye alijilaumia sana.

Akamgeukia Herieth. Huyu naye alikuwa na lake, maana kila mwezi alilalamika kwamba mashine inakula umeme wake na wazee hawachangii. Herieth akakiri bila haya kwamba alitamani ihamishwe, lakini akauliza kwa nini aiibe wakati angeweza kuichomoa tu na kumkabidhi Alfonsi. Jibu hilo halikupingika.

"Na mtego huu ni wako?"

"Mie nina paka, dada, na paka wangu ana wivu. Mtego humu wa nini?"

Sekela akauchukua. Ulikuwa mpya, karatasi ya bei bado imebandikwa. Haukuwa umetegwa, na chuma chake kilikuwa kimefungwa kwa uzi, imara kabisa, kisije kikambana mtu kidole. Mzee mmoja akanong'ona habari za uchawi, wenzake wakasogea nyuma kidogo. Sekela hakusogea. Katika kazi yake alishakutana na wezi wengi, lakini mwizi anayechunga vidole vya aliyemwibia hakuwahi kumwona. Akautia kwenye mkoba.

"Nyie," aliuliza, "kuna mtu amejaribu kufungua kijiwe kwenye simu tangu asubuhi?"

Walitazamana. Watu wazima wanaochambua kura za Baraza la Usalama mstari kwa mstari, na hakuna hata mmoja aliyejaribu. Waliona meza tupu, wakatangaza msiba. Benson peke yake angefikiria hilo, na simu yake ilikuwa kwenye mfuko wa shati la Alfonsi.

Herieth akafungua yake. Kijiwe kilikuwa hai. Watu wa Songea walikuwa wanauliza kama Temeke wamelala.

Benson akanyanyuka kwenye stuli kwa mara ya kwanza. Alieleza haraka haraka kwamba mashine hizi husalimiana kila baada ya dakika chache, na isiyoitika wenzake huandika saa. Akaomba wapigiwe Songea. Fundi wa huko akatazama, akajibu kwamba Temeke ilipotea kidogo usiku, ikarudi, ikapotea tena leo saa mbili na robo hadi saa tatu kasorobo. Sasa iko vizuri.

"Hiyo ya usiku ndiyo safari yake," alisema Benson. "Hii ya asubuhi ni kama umeme ulikatika. Lakini hapa Temeke haujakatika."

Sekela akatazama sketi yake, upande ulionyooka na upande wenye mikunjo. Akaanza kucheka mwenyewe, wazee wakadhani uchungu wa ndugu umempanda kichwani.

"Umeme ulikatika Tegeta," alisema. "Saa mbili na robo, pasi ikiwa mkononi mwangu."

Tegeta ikamaanisha Ansbert, hilo halikuhitaji mpelelezi. Alfonsi alishasimama. Wakakodi gari, wawili tu, Benson akabaki dukani chini ya macho ya wenzake, na kwenye foleni yote ya Barabara ya Bagamoyo Alfonsi alimchambua Ansbert kuanzia elimu yake mpaka kofia yake. Sekela alimwacha aseme. Alikuwa anafikiria ule uzi.

Ansbert aliwapokea mlangoni, mwembamba, miwani imening'inia shingoni. Alimtazama Alfonsi, Alfonsi akatazama ukuta. Sekela akamsalimu, akamweleza yote. Mwalimu hakukasirika. Alisogea pembeni, akawaambia wapekue. Sebuleni kulikuwa na mashine ya Tegeta peke yake, chini yake kitambaa kilichofumwa. Chumbani hakuna kitu, jikoni hakuna kitu.

"Kama ningetaka kumnyamazisha," alisema Ansbert polepole, "ningeacha mpige hiyo kura. Kura ndiyo ingetunyamazisha wote wawili. Jana nilimwambia Fransis hivyo hivyo."

"Fransis gani?" Sekela aliuliza.

"Mwenzao wa Temeke. Wikiendi huwa anakuja kwa binti yake, Jenipher, mtaa wa pili hapo. Jana kanikuta ninaanika viatu vya mvua, tukazungumza kidogo, akaondoka amefura."

Sekela akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Akautoa mtego mkobani, akauweka mezani mbele ya Alfonsi.

"Mzee, wewe ni Mngoni. Watani zenu huwa wanawaambiaje?"

Alfonsi alikunja uso. "Wahehe? Wanatuita wala panya. Na sie tunawaita wala mbwa. Lakini hayo ni ya..."

Akaukodolea mtego macho.

"Koti lako jana ulimwazima nani?"

Ansbert aliweka miwani machoni, akautazama mtego, akamtazama Alfonsi, na mdomo wake ukaanza kutetemeka kwa kicheko alichokuwa anakizuia kwa heshima ya mgeni.

"Fransis," alisema Alfonsi. "Mhehe yule, mla mbwa mkubwa."

Walimkuta barazani kwa Jenipher, kazama kwenye koti pana ambalo si lake. Pembeni yake, juu ya kigoda, mashine ilikuwa inawaka taa yake ya kijani, na mbele yake ameweka simu. Walibeba mizigo pamoja bandarini yeye na Alfonsi, wakastaafu pamoja, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuwasikia wakiitana kwa majina.

"Umechelewa, mla panya," alisema Fransis. "Simu naiangalia tangu alfajiri. Nilijua utauona mtego, utacheka, utapiga. Nikawaza, leo mtani kafa."

"Ulirudi Temeke usiku?" Sekela aliuliza.

"Nilirudi. Nilipotoka kwa mwalimu nilitia mkono kwenye koti nikakuta ufunguo. Nikasema, Mungu mwenyewe kataka. Mtego nilinunua njiani."

"Na kwa nini hukuizima?"

Fransis alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanalowesha. "Binti, mtani akichukua kitu chako hakivunji wala hakizimi. Kwenye misiba yetu nimewahi kukalia jeneza la shangazi yake huyu, wakashindwa kulibeba mpaka walipolikomboa kwa pesa. Lakini shangazi mwenyewe sikumgusa. Ningeizima ningekuwa mwizi." Akamgeukia Alfonsi, na sasa hakuwa anatania. "Mlitaka kufungiana mlango, wewe na Ansbert, kwa sababu ya vita ya watu ambao wakipatana kesho hawatawapigia simu kuwaambia. Nilijaribu kusema, mkanizomea wote. Basi nikaileta huku, maana njia ya kuja kuikomboa inapita kwake."

Ansbert alikuwa nyuma ya Alfonsi, hatua moja.

Hapo ndipo Sekela alipolipuka. Alikuwa amefurahi, ndiyo, mzigo mzima ulikuwa umemshuka kifuani, lakini alikuwa na hasira pia na hakuona sababu ya kuificha. Alimwambia Fransis kwamba utani wake mtamu umemkalisha mdogo wake kwenye stuli tangu asubuhi, anaitwa mwizi mbele ya watu, na wangechelewa kidogo tu jina lake lingekuwa kituoni na kazi ya Jumatatu imekwenda.

Fransis alinyanyuka. Uso ulikuwa umebadilika kabisa.

"Benson? Benson kaingiaje? Mtego nilimwachia Alfonsi. Alfonsi angejua."

"Sikujua," alisema Alfonsi. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mabega yake. "Nilikuwa na hasira nyingi mno, mtani. Niliona mtego, nikaona panya tu."

Alitoa simu, akasema anampigia kijana amwombe radhi sasa hivi. Akabonyeza namba. Simu ikaita ndani ya mfuko wa shati lake mwenyewe. Wote wakabaki wanamtazama, inaita, na hata Sekela ikabidi ageuze uso.

"Basi andika," alisema Ansbert, na hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake kwa miezi miwili. "Andika kijiweni. Umemchafua mbele ya watu, msafishe mbele ya watu."

"Nikiandika litakwenda hadi Songea."

"Liende."

Alfonsi alikaa chini, akaandika kwa kidole kimoja. Aliandika kwamba mashine imeonekana, nzima. Benson hana kosa lolote. Aliyekosa ni mwenyekiti, aliyemtuhumu mtoto wa watu badala ya kutumia akili, na anamwomba msamaha mbele ya Temeke, Tegeta na Songea. Kura imefutwa. Akabonyeza, na neno hilo likatoka kwenye kile kidude cha barazani likaenda kwa wote, ambako hakuna bosi wa kumsaidia kulifuta.

Haikupita muda simu ya Sekela ikaita. Ilikuwa namba ya Herieth, lakini sauti ya Benson.

"Dada, nimeliona," alisema. "Wananinunulia kahawa hapa, siwezi hata kuhema."

Sekela akalia, simu sikioni.

Fransis alisubiri anyamaze. Kisha akavua koti, akamrudishia mwenyewe, akataja kikomboleo chake: ugali, sahani moja, mkono wa Alfonsi na mkono wa Ansbert. Jenipher alishasonga. Wale wawili wakanawa, wakala matonge mawili matatu, kisha Ansbert akasema bado anaamini ni upande ule ndio ulioanza, Alfonsi akasema mwalimu hajui ramani, na wakaendelea hivyo, mkono wa huyu ukimsogezea mwenzake kipande cha samaki.

Usiku wa kuamkia Jumatatu Benson alilala kwa dada yake, hati ya tabia njema, iliyotoka Jumapili kwa mtandao, kaiweka juu ya begi. Alfajiri Sekela aliamka kabla yake ampigie pasi shati la kazi. Alianza kola, akaja mikono, akamalizia mgongo, anasikiliza kama feni ya jirani itasimama. Umeme haukukatika.