Mjinga wa Ghorofa ya Pili

Mize alipokuwa kwao Uroa, kijiji cha wavuvi, chicha la nazi lilikuwa chakula cha kuku. Akishakamua tui hulitupa uani, na kuku wakaja mbio. Basi.

Sasa alikuwa Kikwajuni, ghorofa ya pili, katika nyumba mpya za Serikali. Mumewe, Silima, alifanya kazi bandarini. Nyumba ilikuwa nzuri, maji yamo ndani kwa ndani. Lakini ua hakuna, kuku hakuna. Mize akawa analitia chicha kwenye sinki na kulisukuma kwa maji.

Wiki ya tatu, jirani wa chini, Bi Time, alipanda ngazi huku anahema.

"We mwanamke! Maji machafu yananifurikia jikoni! Yana chicha, yana magamba ya samaki! Mjinga wee!"

Milango yote ya ngazini ikafunguka. Mize akafunga wake. Akatia nguo zake katika furushi. Silima aliporudi kutoka kazini alimkuta amelikalia.

"Nnakwenda kwetu. Nimeitwa mjinga mbele za watu."

"Na mimi unaniachia nani?"

"Nakuachia sinki lako."

Silima alicheka, kisha akayaona machozi, akaketi kando yake. "Bi Time kanihadithia ngazini, keshamwita fundi. Ngoja aje. Ukitaka kwenda, kesho ntakupeleka mwenyewe."

Alasiri ile akaja Mkadam, fundi wa mabomba. Alifungua bomba jikoni kwa Bi Time, Mize amemshikia ndoo. Likatoka donge jeupe, gumu, limeshikana na magamba.

"Nani katia hili?"

"Mimi," alisema Mize kwa sauti ndogo. "Mimi ndiye mjinga."

"Ulikwishaambiwa kuwa chicha halitiwi humu?"

"Sijaambiwa na mtu."

"Basi neno hilo lisikuvunje moyo, dada. Mjinga ni asiyejua. Wazee wetu hata mgeni aliyefika mjini siku ile wakimwita mjinga, maana hajajua njia. Akishajua, jina linamtoka. Anayejua, akaambiwa, na bado akafanya kusudi, huyo ndiye mpumbavu. Mimi siku yangu ya kwanza kazini nilifungua bomba kabla ya kufunga maji. Nilioga na suruali!"

Bi Time akacheka bila kutaka.

Mkadam akamwonesha Mize bomba. "Hapa pana kona, kama kiwiko. Maji hupita, chicha hukwama, na mafuta yake hulishikanisha. Chicha na magamba tia kwenye ndoo yenye kifuniko. Chicha mpe mwenye kuku."

"Mjini hapa nani ana kuku?"

Bi Time akakohoa. "Dada yangu, anakaa Mtoni. Huja kila Ijumaa."

Asubuhi ya pili furushi lilikuwa bado mlangoni. Hodi! Bi Time na chungu chake.

"Shikamoo, Bi Time."

"Marahaba, mwanangu. Huyu pweza nimempika tangu alfajiri, hatafuniki! Nyinyi wa Uroa mnamfanyaje?"

"Ulimpiga kwanza?"

"Nimpige? Kanikosea nini?"

Mize akacheka mpaka akashika mlango. "Hupigwa mpaka alainike, Bi Time, ndipo atiwe chunguni."

"Mh! Kumbe leo mjinga mimi."

"Ulikuwa," alisema Mize. "Nshakwambia."

Akafungua furushi, akatoa kanga ya kushukia chini kwa Bi Time.

Ijumaa ndoo ya chicha ilikwenda Mtoni. Ikarudi na mayai manne: mawili ya juu, mawili ya chini.