Milango Miwili, Ukuta Mmoja

— Mlango wa pili wa nani?

Wijdan aliitandaza ramani juu ya boneti la gari, pale pale kwenye kiwanja chao cha Wattaya. Ndoa ilishafungwa, ilibaki harusi na nyumba ya kuhamia.

Mumewe, Marhoon, alisomea uchoraji majengo Uingereza, akaishi kwa kupanga katika nyumba ya zama za Malkia Victoria, akarudi nayo moyoni. Basi alichora matofali mekundu, uso mwembamba, dirisha la kutokeza, vioo vya rangi juu ya mlango, na dohani ya moto wa kuota. Maskati, kwa joto lile! Hayo Wijdan aliyacheka, akayasamehe. Kilichomchoma ni kuwa nyumba zilikuwa mbili, zimeshikana ubavu, sawa kwa sawa, chumba kwa chumba.

Marhoon akaeleza kuwa kule hujengwa hivyo, mtaa mzima, jirani na jirani wakichangia ukuta.

— Mimi si mtoto, Marhoon. Mume anayejenga mbili sawasawa anaogopa kuulizwa na Mungu uadilifu baina ya wake zake.

Marhoon akaanza kuikunja ramani. Akasema tu kwamba ameahidi kunyamaza.

Kabla hajafika Ruwi kwa mama yake, Wijdan alisimamisha gari mara mbili. Mara ya pili akamtumia Marhoon ujumbe: "Kama kuna mwengine, niandikie talaka yangu sasa hivi."

Bi Mwanamize alimsikiliza mwanawe akizunguka sebuleni, hakai, hanywi chai. Mwisho akasema:

— Huyo mke mwenzio ni mimi.

Wijdan akasimama.

— Tangu afe baba'ako, mumeo kanijia mara tatu nikakae kwenu. Nikamwambia silali nyumba ya mkwe, nijifunike kwa haya kila nendapo jikoni. Nipe mlango wangu, nitakuja. Na usimwambie Wijdan, mpaka moyo wangu ukubali kuitoka nyumba aliyoniachia marehemu.

— Umekubali?

— Leo asubuhi nimezikunja kanzu zake.

Wijdan akapiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena.

— Talaka sijaandika — alisema Marhoon. — Sijui hata inavyoanza.

— Usiandike. Nisamehe. Nnataka kitu kimoja tu: ule ukuta wa kati ufanye mwembamba, nimsikie mama akikohoa.

Bi Mwanamize akainama kwenye simu:

— Ufanye mnene, mkwe. Mimi sitaki kuwasikia nyinyi.