Aliyejibanza Kwenye Kumbukumbu

Jumatatu, saa nne kasoro robo asubuhi, maabara ya maji iligundua kwamba ripoti yake inasema uongo. Daftari la vipimo lilionyesha vijidudu arobaini katika maji ya kisima cha shule. Karatasi kutoka kwenye printa ilisema sifuri. Mkuu wa maabara alimwambia mpiga chapa, Mama Pacha, akusanye vitu vyake.

Mpokea wageni, mama wa mtoto wa miezi saba, aliomba kwanza apewe kwa robo saa kompyuta kuukuu iliyochapa ripoti hiyo. Alikuwa akisoma darasa la jioni, ambako fundi wa ofisi hiyohiyo aliwafundisha kuandika programu za kukaa: unaifunga, unaendelea na mambo yako, kumbe yenyewe imejibanza kwenye kumbukumbu ya mashine ikisubiri zamu yake.

Aliiwasha kwa disketi yake mwenyewe, ili programu zilizomo ndani zisiamke. Mama Pacha akaandika arobaini, ikatoka arobaini. Mpokea wageni akaiwasha tena kama kawaida, bila disketi, na Mama Pacha akaandika arobaini tena. Ikatoka sifuri.

“Basi ni fundi,” alisema msaidizi wa mkuu. “Nani mwingine anayajua hayo?”

Fundi alisogea karibu na mashine. Mpokea wageni aliwaonyesha saa ya mashine. Kwa disketi ilikuwa ikitembea. Sasa ilikuwa imeganda saa nne kamili, na ya ukutani ilishaipita kwa dakika tano. Alieleza kwamba programu ya namna hii hudaka mapigo ya saa, na aliyeiva, kama mwalimu wao, huyapitisha mbele. Aliyeandika hii aliyadaka akakaa nayo.

Akamgeukia msaidizi. “Kaka, zoezi lako la Alhamisi darasani liligandisha saa hivihivi.”

“Wengi hukosea hapo,” alisema msaidizi.

“Wengi. Ila kutoka ofisi hii tunasoma wawili, na langu mimi lilikataa hata kuanza.”

Msaidizi aliketi. Alikiri kwamba Ijumaa alikuwa amewaambia walimu kisima ni salama kabla ya kupima, aonekane mchapakazi. Matokeo yalipokuja, aliona aibu kurudi, akaiwekea mashine programu ya kugeuza namba kuwa sifuri.

Fundi alimtazama mwanafunzi wake wa kike kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Mkuu alianza kumwomba Mama Pacha radhi.

“Radhi baadaye, mzee,” alisema Mama Pacha. “Watoto wa shule wanatoka kwenda mapumziko saa nne na nusu, na watakuwa na kiu.”

Akamsogezea msaidizi simu.

“Piga wewe. Uwaambie mwenyewe.”