Geuza Kwanza

Stendi ya Msamvu ilikuwa inafurika watu. Yasmin, gauni la kijani na ushungi wa maua, alikuwa anakimbilia basi kalamu ikamponyoka. Kijana mwenye ovaroli iliyotobolewa na cheche akaiokota, akajaribu kuandika kiganjani.

"Dada, kalamu yako imekauka wino."

Yasmin akacheka mpaka basi likamwacha. "Haina wino hiyo, kaka. Inachora kwenye kishikwambi."

Akamwonyesha ua la chuma alilolichora. Alipopitisha kidole mchoro ukazunguka, na mapindo yaliyoonekana yamegusana yakaachana. "Ukitazama upande mmoja utadanganyika. Geuza kwanza."

Kijana huyo ndiye Pazi, mchomeleaji wa Kihonda. Basi Yasmin akawa anachora, Pazi anakunja vyuma, na mapenzi ni kikohozi, hayakufichika.

"Umekula, mpenzi?" Pazi aliuliza simuni.

"Sijala. Lete posa kwanza, nimechoka kuitwa dada!"

"Nipe mwezi tu, roho yangu."

Mwezi haukuisha. Mzee Mwinshehe, baba yake Yasmin, alishampa neno Sufiani, mwenye nyumba mpya Kilakala. Akamnyang'anya binti simu, akamfungia ndani. Kishikwambi alimwachia kwa kazi moja: kuchora geti la nyumba hiyo, Sufiani akikagua kila mstari.

Sufiani mwenyewe aliuleta mchoro karakana kwa Pazi, akamrushia kwenye simu: mashina mawili ya pilipili manga yamekumbatiana. "Kachora mchumba wangu," alijigamba.

Wivu ukampanda Pazi kichwani. Mjinga Pazi, hakuugeuza mchoro! Aliyachomelea mashina pale yalipoonekana kukutana, akasaga mpaka kiungo kisionekane.

Ijumaa, Pazi akiwa bado anafunga bawaba za geti kule Kilakala, bi harusi akaletwa. Yasmin akasimama, akapapasa kile kiungo kwa kidole chenye hina.

"Fundi," alisema taratibu, "hukugeuza?"

Shangazi wakamvuta Yasmin ndani, geti likafungwa.

Aliporudi karakana, Pazi akaufungua mchoro simuni, akaugeuza. Mashina hayakugusana popote. Moja lilipita mbali, nyuma ya lenzake, likanyoosha ncha nje, barabarani. Sijakubali, lilikuwa linamwambia siku zote hizo, njoo unichukue.

Alilia kama mtoto. Kisha akaurudisha mchoro mbele, na mashina yakakumbatiana tena.