Aliyeitikia Mwito wa Daktari

Harufu ya sabuni ya mchaichai haina kazi katika chumba cha upasuaji. Kwa hiyo daktari wa usingizi alipoinusa, alidhani pua yake imezeeka kabla ya magoti.

Alikuwa mgane wa miaka mitatu, na nyumbani kwake hata redio ilimchosha. Watu wa kuzungumza nao walikuwa wagonjwa, kabla hajawalaza. Alimwinamia kila mmoja sikioni akamwambia, "Lala. Nitakuita." Wenzake walimtania kwamba anabembeleza watu wazima kuliko yaya. Yeye aliamini kwamba aliyepigwa nusukaputi yuko safari ya mbali, na msafiri lazima ajue kuna mtu wa kumwita arudi.

Siku hiyo mezani alilala mwalimu wa kike, anatolewa uvimbe kwenye ubongo. Kazi ya daktari ilikuwa kuulinda ubongo ule wakati mwenyewe hayupo: damu isipungue ukakosa hewa, wala isizidi ukavimba ndani ya fuvu lisilo na nafasi. Yote aliyafanya sawasawa. Alikosea mwishoni, amekwisha kumtoa mpira wa kupumulia kooni, amechoka, na ile harufu imemjaa puani. Badala ya kusema, "Mwalimu, amka," alisema, "Laazizi, amka." Ndivyo alivyokuwa akimwamsha mkewe, aliyeogea sabuni hiyo ya mchaichai.

"Nimeamka," mgonjwa akajibu, macho makavu.

Kwenye kioo cha mashine mawimbi ya ubongo yalikuwa bado mapana, ya polepole, mawimbi ya mtu aliyezama usingizini.

"Mashine inakuchezea, kaka," mpasuaji akacheka. "Umeona wapi aliyelala akaongea hivi?"

Wodini, mama yake mwalimu alimvuta daktari kando ya mlango.

"Baba, huyu ametusahau," alinong'ona. "Mwanawe amemkumbatia, naye anamsukuma kama mgeni. Anamuulizia mume, na mume hana."

"Ni kuweweseka tu, mama. Dawa zikiisha mwilini atatulia."

"Zitaisha lini? Wewe ndiye uliyemlaza mwanangu. Umemwacha wapi?"

Daktari akaufungua mlango. Aliingia peke yake, na mgonjwa akatabasamu kwa tabasamu aliloliona mara ya mwisho kaburi la mkewe lilipokuwa halijafunikwa.

"Kikombe changu bado umekificha nyuma ya kopo la sukari?" akauliza kwa sauti ya marehemu.

Daktari aliketi. Aibu yake ni kwamba hakuogopa kwanza, alifurahi. Alikaa pale hadi jua likahama dirishani, akiongea na sauti ile, na huko koridoni mtoto wa mwalimu alikuwa akilia.

Kilio hicho ndicho kilichomwinua. Wapasuaji walitaka picha nyingine ya ubongo, na mgonjwa alikuwa hakubali kutulia, ikabidi alazwe tena. Daktari alipoishika sindano, mkono ule mwembamba ukamkamata kifundo cha mkono kwa nguvu zisizo za mgonjwa, na harufu ya mchaichai ikapanda hadi macho yakamchoma, na sauti ya mkewe ikaanza kusihi, kisha kulia, kisha kushuka chini kabisa ikawa si ya mwanamke wala mwanamume, ikimuuliza atarudije kwenye nyumba ile tupu, ataongea na nani, nani mwingine amewahi kumwitikia tangu azike, na yeye machozi yanamtoka huku kidole gumba kikisukuma dawa taratibu mpaka mkono ukalegea.

Akamwinamia.

"Si wewe niliyekuita," alinong'ona. "Nenda, mpishe mwenyewe."

Picha ilipokwisha alisema kwa sauti ya darasani: "Mwalimu! Mwalimu, amka!" Mawimbi yakasita, yakaanza kukimbiana. Mwalimu akafumbua macho, akalia, akamtaka mwanawe.

Mama yake mwalimu alimshika daktari mikono yote miwili, akamwombea heri mpaka akaona haya. Kisha kila mtu akaenda na wake.

Nyumbani alijitupa kitandani na viatu. Kimya kilikuwa kilekile cha siku zote. Kisha godoro upande wa pili likabonyea, na sabuni ya mchaichai ikanukia kwenye mto wa kulalia.

"Lala," ikasema sauti sikioni mwake. "Nitakuita."

Alijua haitakiwi kuitikiwa. Alijua kuliko mtu yeyote.

"Haya," akasema, na akafumba macho.