Manowari Mbili, Saa Saba Mchana

"Shangazi, nipe mpaka saa nane."

"Saa nane ya leo au ya kiama? Mwalimu amesubiri wiki tatu. Wazee wake wanataka kujua kama Jumamosi waje kukuposa au wakae kwao."

"Ya leo, Shangazi. Nitakupigia."

"Na usiniletee tena habari za yule fundi friji. Fimbo ya mbali haiui nyoka!"

Simu ikakatwa. Mshonaji akasukuma suruali ya mteja pembeni, akaegemeza simu kwenye cherehani, akafungua mchezo wa manowari. Ilikuwa saa saba kamili, na saa saba fundi friji hakuwahi kuchelewa.

Alikuwepo. Meli yake ya kijivu ilishaingia kikosini, inamsubiri yeye tu.

Huo ulikuwa mwezi wa nne tangu waachane. Fundi alipata kazi kwenye kiwanda cha barafu, mwendo wa siku nzima kwa basi. Akasaini mkataba kwanza, ndipo akaja kumweleza mwenzake. Mshonaji akamfungia namba siku hiyohiyo, akaapa hatamfungulia. Mchezo, lakini, hakuufuta. Kila saa saba fundi alimwita kikosini, naye akaingia, wakapigana bega kwa bega, kisha kila mtu akaenda zake bila neno. Hilo ndilo lililomtafuna. Mwanaume mwenye maneno mengi vile, amekosa hata "mambo"?

Na mchezo wenyewe ni fundi aliyemfundisha, enzi zile anashinda naye dukani.

"Ramani ikuze, uone adui anatokea wapi. Ubora wa picha ushushe, simu isichemke. Hapa kwenye wepesi wa kulenga, punguza nusu."

"Kwa nini nusu?"

"Una mkono wa cherehani, mama. Ukigusa kidogo tu, mzinga unaangalia mbinguni."

Jamani, alivyomkumbuka! Alikumbuka mpaka alivyokuwa akinywa chai kwa kelele, jambo lililokuwa likimkera kupita kiasi.

Kwenye kioo topido, yale makombora ya majini, zilikuwa zinakuja. Meli ya fundi ikageuka, ikamwaga moshi kumficha mwenzake, ikajiweka mbele na kupokea topido mbili zisizokuwa zake. Mshonaji akajikuta analia dukani, mchana kweupe, kwa ajili ya meli ya kwenye simu.

Akaamua. Kama ni kuolewa na mwalimu, basi kwanza amuage fundi kama binadamu. Akatafuta pa kuandikia, hakupaona. Akaingia kwenye mipangilio, akapita picha, akapita sauti, akapita kulenga, mpaka chini kabisa:

*Mazungumzo ya kikosi: YAMEZIMWA.*

Akakumbuka. Wiki ya kwanza kabisa ya kujifunza mchezo, wachezaji asiowajua walimtukana kwa kuwagonga wenzake, na fundi mwenyewe ndiye aliyemwambia azime. "Sisi tunakaa kochi moja," alisema, "ya nini kuandikiana?"

Akawasha. Kisanduku kikafunguka kitupu. Baada ya muda mstari mmoja ukaingia.

"Hata leo hunijibu? Sawa. Kesho nitakuja tena."

Akaandika: "Hata leo? Kwani umeniandikia mara ngapi?"

Meli ya fundi ikasimama katikati ya vita.

"UMEJIBU!"

"Mazungumzo yalikuwa yamezimwa. Sijaona hata neno lako moja."

"Miezi yote hii nilikuwa naongea na ukuta?"

"Uliandika nini?"

"Wiki ya kwanza niliomba msamaha. Ya pili niliomba nikuoe. Baada ya hapo nikawa nakwambia tu nimekula nini."

"Mbona hukuchoka?"

"Ulikuwa unakuja. Nikasema, anayekuja kila siku hajakataa."

Meli zote mbili zikapigwa, zikazama. Hakuna aliyejali.

"Jumamosi kuna wazee wanataka kuja kwetu," mshonaji akaandika. "Si wa kwenu. Jibu linatakiwa saa nane."

"Nifungulie namba. Tafadhali."

Akamfungulia. Simu ikaita papo hapo.

"Nilisaini bila kukuuliza kwa sababu niliogopa," fundi akasema, pumzi juu juu. "Ungesema nisiende, nisingeenda. Nilikosea."

"Ulikosea sana."

"Najua."

"Ile ya wiki ya pili sikuisoma. Niambie mwenyewe."

Akamwambia, taratibu, huku mitambo ya barafu ikinguruma nyuma yake. Mshonaji alisikiliza mpaka mwisho, akafuta macho kwa kipande cha kitambaa, akamjibu.

Saa nane kasoro dakika kumi akampigia shangazi.

"Shangazi, Jumamosi wageni waje."

"Afadhali! Ngoja nimwambie mwalimu."

"Mwalimu mwombe radhi, Shangazi. Wanaokuja ni wa kwa fundi friji."

"Yule aliyekaa miezi yote hiyo hajasema kitu?"

"Alisema, Shangazi. Alikuwa anasema kila siku. Mimi ndiye niliyekuwa nimezima."