Udi wa Bi Stara

Kilichoanza kumtia Kudra wasiwasi ni bakuli la uji. Alilikuta tupu, limelambwa likang'aa, ilhali mama yake, Bi Stara, midomo ilikuwa imemkauka na siku ya nne hiyo hajameza hata funda la maji.

Ulikuwa mwaka ambao Wadachi walifikisha reli Dodoma. Kaka yake, Rehani, alikuwa akivunja kokoto huko Ihumwa, kwa hiyo kuuguza kulimwangukia Kudra peke yake. Uvimbe wa tumboni mwa mama ulikuwa umepasuka, unanuka, naye aliona haya majirani walipokuja kumjulia mgonjwa hali. Akawa anafukiza udi kutwa kucha, bila kuusomea chochote. Masikini, alidhani anamsitiri mama.

Adhuhuri moja, jua likiunguza paa la tembe, Bi Stara aliketi mwenyewe.

"Leta uji," alisema kwa sauti nzito.

Kudra alilia kwa furaha. Lakini alivyozidi kumlisha ndivyo alivyozidi kuona kwamba kinywa kilikuwa kikimeza kwa pupa huku macho ya mama yakibubujika machozi, na pumzi iliyompiga usoni ilinukia udi, udi mbichi, ingawa chetezo kilikuwa kimezimika tangu alfajiri na makaa yake yalikwisha kumwagwa nje.

Alimkimbilia Mwalimu Abdulkadiri, aliyesomea wagonjwa wa mji. Mwalimu alichungulia tu, akarudi nyuma.

"Mwanangu," alinong'ona, "udi usiosomewa ni mwaliko. Umemkaribisha jini, naye amekaa."

"Mtoe, mwalimu!"

"Nitamtoa. Ila roho ya mama yako ilishataka kwenda. Huyo ndiye anayeizuia, apate kinywa cha kulia chakula."

"Kwa hiyo akitoka, mama anakufa?"

Mwalimu aliinamisha kichwa. Kudra akamwomba arudi nyumbani kwake kwanza.

Siku mbili alimlisha yule mgeni, kwa sababu alimtaka mama, hata kwa namna ile. Siku mbili macho yale yalimlilia. Ya tatu moyo ulimshinda, akamwita mwalimu.

Kisomo kilikwenda hadi alasiri. Udongo ulidondoka kutoka darini, sauti nzito ikapiga ukelele, ikakatika. Bi Stara akalala chali.

"Kudra."

"Abee, mama."

"Siku zote hizi mbili ulijua?"

Kudra alifumbua mdomo aombe radhi, lakini mama alikuwa keshakata roho.